Meza ya Vipuri, Birere

Mnaniuliza mimi kama itashika.
Nauza plagi, minyororo, nyaya za klachi,
pedi za breki, za kweli na za uongo.
Mnielewe: sijui pikipiki.
Najua zinavyokufa.

Zilifika Januari, wiki ya mvua,
kumi na nne ndani ya masanduku ya mbao.
Wakazipanga nyuma ya kioo, karibu na ronpwe,
taa chini yake zikiwaka hata mchana.
Orvana. Nyekundu ya pilipili iliyooshwa.
Dola elfu nne na mia mbili.
Kijana wa duka, Desideri, viatu vya ncha,
alisimama mlangoni akifukuza vumbi kwa kitambaa cheupe,
na vumbi la Goma, mnalijua,
halifukuzwi. Linaahirishwa.

Motari walikuja kutazama.
Waliegesha zao mbali,
kama mtu anayeacha kandambili nje ya ukumbi.
Paluku akapima kiti kwa viganja:
"Na gunia la makala nitalilaza wapi?"
Byamungu akauliza inakunywa kiasi gani.
Mwingine, jina silijui,
akauliza tu kama inaruhusiwa kuigusa.

Nikapiga hesabu juu ya katoni ya sabuni.
Franka elfu kumi kila jioni kwa mwenye chombo,
toa mafuta, toa askari wa njiapanda,
toa siku ambazo mji umefunga milango.
Ile ya kawaida hujilipa
mtoto akianza kusimama dede.
Hii, mtoto atakuwa amekwisha kufukuzwa karo.
Nikasema: haishiki. Nikaifungia sambaza ile katoni.

Lakini wanaume wana wazimu wao.
Watu kumi na wawili wa parkingi moja,
likelemba yao ya mwaka mzima, pesa za mabati,
pesa za posa ya Byamungu,
wakaenda kuitoa moja nyuma ya kioo.
Kila mmoja na siku yake.
Siku ya zamu mtu alinyoa ndevu.
Maharusi waliikodi, wanafunzi walipiga nayo picha,
na Mama Nabintu wa Kituku alilipa mara mbili
apandishwe yeye na beseni lake la samaki,
wakagombana siku tatu juu ya harufu,
naye akisema: pesa yangu haikunuka.

Kisha makoro.
Barabara yetu ni moto uliolala, una meno.
Kipira kimoja, kidogo kuliko kitovu cha mtoto,
kilikatika chini ya injini, basi,
bibi harusi akalala chini ya turubali.
Dukani wakaambiwa: kinatoka ng'ambo, wiki sita.
Wiki sita!
Hapa huo ni muda wa mlima kubadili mawazo.

Paluku aliniletea kile kipira kiganjani
kama jino lililong'oka.
Nilikitazama. Nikachukua buti la mvua la marehemu mume wangu,
lile la kushoto, kwa kuwa la kulia lilikwisha kwenye mabomba ya jirani,
nikakata kwa kisu cha sombe,
nikatoboa kwa msumari uliopata moto.
Haikunguruma kama mwanzo.
Ilikohoa, ikatema moshi, ikaenda.
Ikapita mbele ya duka lao na magunia mawili ya makala,
Paluku ameketi juu ya tangi.

Mnaniuliza kama itashika. Sokoni
kitu hakijaingia mpaka kiwe na cha bandia.
Cha ghali kisicho na cha bandia ni mgeni tu,
anakunywa chai huku ameshika mkoba.

Julai Desideri alikuja mezani pangu, jioni, akiwa na kandambili.
Alishika plagi, akairudisha. Akashika mnyororo.
"Vile vya buti," akasema bila kunitazama,
"unavyo vingapi?"
Nilikuwa nimekata tisa.
Alinunua sita, hakuomba kupunguziwa,
akavifunga ndani ya kile kitambaa
ambacho sasa kilikuwa na rangi ya mji.